Nambari ya Nyanya kwenye Tovuti ya Shule

Mwalimu wetu wa kompyuta alitoka bara. Aliajiriwa kwa mkataba wa muhula mmoja tu, na mwalimu mkuu alimpa sharti bila kuzunguka: siku ya mkutano wa wazazi, tovuti ya shule iwe inafanya kazi mbele ya macho ya watu. Ikifanya, mkataba utaendelea. Isipofanya, kamati itanunua tovuti iliyokwisha kutengenezwa huko Nairobi, naye atafunga virago arudi kwao. Sisi wa chama cha kompyuta tuliipata habari hii kwa njia ya kawaida ya shule yetu, yaani kwa kusimama chini ya dirisha la ofisi tukijifanya tunafunga kamba za viatu.

Tulimpenda mwalimu yule. Kwanza, chumba chake ndicho chenye feni inayozunguka. Vyumba vingine vina feni za kutazama. Pili, nikifanya mzaha alikuwa anacheka kwanza, ndipo ananipa adhabu. Walimu wengine hutoa adhabu bila kucheka, na mimi huo nauita ubahili.

Kazi tuligawana. Msichana wa nyumba ya pili kutoka kwetu, ambaye huongoza darasa kila mtihani wala haoni haya, alipewa kuandika programu. Mimi nilipewa maneno. Chochote ambacho tovuti ingemwambia mzazi kilitakiwa kitoke kwangu. Mwalimu alisema ni vizuri mdomo wangu ukapata kazi isiyotoa sauti.

Kabla ya kugusa kompyuta, alibandika karatasi za manila ukutani na kuandika maswali. Nani atatumia tovuti hii? Anataka kujua nini? Ana simu ya aina gani? Kisha akatutuma tukawaulize watu. Tulizunguka Mji wa Kale, tukapita Makadara, tukaishia sokoni Marikiti, ambako mama mmoja muuza machungwa alikataa kujibu mpaka tumsaidie kupanga biashara yake. Tulirudi na majibu na mikono inayonukia. Wazazi hawakutaka picha za majengo wala hotuba ya mwalimu mkuu. Walitaka kujua mtoto kafika shule, kapata alama gani, na mkutano ni lini. Tena wengi wao simu zao ni mulika mwizi, zile za tochi, zisizofungua tovuti yoyote. Kwa hiyo mwalimu akapanga alama zikae kwenye tovuti, na tovuti yenyewe imtumie mzazi ujumbe mfupi.

Upande wa maneno nilijituma. Ukurasa wa kwanza niliuanza kwa salamu: hujambo, habari za asubuhi, wa nyumbani hawajambo, na yule aliyekuwa na homa anaendeleaje. Mwalimu akauliza kwa nini mzazi asiingie moja kwa moja. Nikamweleza kwamba hapa kisiwani ukimwomba mtu kitu kabla hujamsalimu hakupi, hata kama ni paswadi yake mwenyewe. Akaniachia salamu, akafuta mgonjwa wa homa. Na mzazi akikosea paswadi, nilimwandikia: "Siyo hiyo. Usijali, hata aliyeitengeneza husahau." Hilo aliliacha lote.

Kosa letu halikuwa kwenye maneno. Mwalimu alikuwa amepanga hivi: mtoto mmoja, mzazi mmoja, nambari moja. Huko kwao pengine mambo ndivyo yalivyo. Sisi tuliokuwa tunajua yalivyo hapa tuliitikia kwa kichwa, tukaendelea kuandika.

Sasa nikwambie kuhusu nyanya yangu, ambaye ninaishi naye. Nambari yake ni ile ile tangu apate simu, na hatoki nyumbani, ila jioni anapokaa barazani kukaanga viazi vya karai vya kuuza. Baba za watu wako bandarini, mama za watu wako sokoni, na wengine hubadilisha laini kama wanavyobadilisha shati. Basi shule ikiuliza nambari ya mzazi, mtaa mzima jibu ni moja: andika ya nyanya. Ukiumwa na tumbo darasani, shule inampigia nyanya, nyanya anapaza sauti dirishani, na mamako anapata habari kabla tumbo halijajua linaumwa wapi. Jambo hili tumezaliwa tukalikuta. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kuwa ni jambo.

Kompyuta ililiona, lakini haikusema. Kila mara msichana yule alipoandika mtoto mwingine kwa nambari ya nyanya, programu ilidhani anamsahihisha mtoto wa kwanza. Ikamfuta, ikamweka mpya. Akaandika mwingine, ikafuta tena. Yeye mwenyewe alijiandika wa mwisho, kwa adabu, anavyodai.

Mtihani wa katikati ya muhula ukapita, mwalimu akatuma ujumbe wa majaribio. Jioni ile nilirudi nyumbani taratibu, kwa sababu karatasi yangu ya Kemia ilirudi bila maoni yoyote zaidi ya "Njoo tuonane". Nikamkuta nyanya mlangoni, ameshika sahani ya mkate wa sinia, uso wake kama wa siku ya Idi. Akanisukumia simu. Ilisema: "Mzazi mpendwa, mwanao ameongoza darasa kwa Kemia. Mpe heko, kisha mpe chakula." Sentensi ya mwisho ni yangu, niliitambua mara moja.

Nikawaza, hapa ama kumetokea muujiza ama programu ina hitilafu, na yote mawili yanaweza kusubiri nimalize kula.

Siku zilizofuata niliishi kama bwana harusi. Nyanya aliwatangazia wanunuzi wote wa viazi. Jirani mmoja akaniuliza kama anaweza kuchanganya dawa ya kikohozi na ya mgongo, nikamwambia asichanganye, jibu ambalo nililiona salama. Yule msichana alipopita, nyanya akamshauri awe ananifuata mimi nimsaidie masomo. Alinitazama, akaenda zake. Alidhani ni sifa tu, zile ambazo nyanya huwapa wajukuu bila sababu.

Kisha ukaja ujumbe wa pili. Nyanya akaniita ndani, sauti yake chini, na nyanya akishusha sauti ujue kuna msiba au kuna wewe.

"Keti. Wewe huko shule wachezani?"

Nikamwambia nacheza mpira wa miguu, nyanya, kama kawaida.

"Basi hii sketi ya nini?"

Nikasoma. Mzazi mpendwa alikuwa anapongezwa kwamba mwanawe amechaguliwa timu ya netiboli, na anaombwa amtafutie sketi ya bluu. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Nyanya hakucheka, alikuwa ananipima kiuno kwa macho. Halafu kicheko changu kikakata chenyewe, kwa maana mkutano wa wazazi ulikuwa keshokutwa, na mwalimu wetu alikuwa anakwenda kusimama mbele ya kamati na mashine inayoamini kwamba mtaa wetu wote ni msichana mmoja anayecheza netiboli.

Nilikwenda nyumba ya pili, kwa mcheza netiboli mwenyewe. Nilichukua na kipande cha mkate kilichobaki, maana kuna habari zisizobebwa mikono mitupu. Msichana akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo Kemia ilikuwa yangu."

"Na mkate ndio huu."

"Huu ni ukingo tu."

"Mwingine uliliwa kabla ya uchunguzi kuanza."

Hakunipiga. Alikwenda moja kwa moja kwenye daftari lake la programu, akaona mstari uliofanya uharibifu, akajipiga yeye mwenyewe kwenye paji la uso.

Asubuhi tulimwambia mwalimu. Alikaa kitini kama mtu aliyeambiwa basi la bara limeshaondoka kituoni Mwembe Tayari na mzigo wake. Kisha akasema dawa ni rahisi, tumpigie kila mzazi atoe nambari yake mwenyewe. Msichana akatikisa kichwa.

"Mwalimu, mamangu akiwa sokoni simu yake iko ndani ya droo, imezimwa. Nyanya ndiye simu yetu."

Mwalimu akainuka, akabandua manila kubwa ukutani, akaigeuza upande mweupe na kuchora nyumba yenye mlango. Juu ya mlango akaandika nambari moja, chini yake akachora watoto wengi wenye vichwa vikubwa.

"Tuliwauliza wana simu gani," alisema. "Hatukuwauliza ikilia nani huipokea."

Siku ile hatukwenda mapumziko. Msichana alibadilisha programu ili nambari moja ibebe watoto wote wa nyumba na majirani, bila mmoja kumfuta mwenzake, na mzazi anayetaka nambari ya peke yake aongezewe nafasi. Mimi niliandika upya kila ujumbe, uanze kwa jina la mtoto na nyumba anayotoka. Tulimtuma mtu kwa nyanya kumwomba ruhusa, yaani nilijituma mimi. Nyanya akasema amebeba habari za watoto hawa tangu wakiwa na nepi, kompyuta isimfundishe kazi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa kamati ni mzee mstaafu wa bandarini, huongea polepole makusudi ili watu waogope, na mkononi alikuwa na karatasi yenye kung'aa ya kutangaza ile tovuti ya Nairobi. Akamsikiliza mwalimu, akakohoa, akauliza atajuaje kama kitu hiki kinafanya kazi au ni maneno tu. Mwalimu akabonyeza kitufe.

Hakuna simu iliyolia. Mwalimu akatazama kompyuta, sisi tukatazama viatu vyetu. Mwalimu mkuu akaanza kusema kwamba mtandao wakati mwingine... na hapo simu ikalia mstari wa mbele. Ikalia tena. Ikalia tena na tena, haikomi, mpaka nyanya akaifunika kwa ncha ya buibui kama anayezima jiko. Ukumbi ukaanza kucheka.

"Mama, hizo zote ni zako?" mwenyekiti akauliza.

"Ni za mtaani."

"Basi tusomee mmoja, tuone kama ni kweli."

Nilifumba macho, kwa sababu ujumbe wangu ulikuwemo. Nilipofumbua, nyanya alikuwa amevaa miwani na anabonyeza. Mahali fulani akasimama, akainua kichwa, akanitazama mimi, akarudi kwenye simu. Alikuwa amefika kwenye Kemia yangu.

"Mambo ya watoto wa watu hayasomwi ukumbini, mwanangu," alimwambia mwenyekiti. "Lakini mjukuu wako yumo. Mwanao ndiye aliyetoa nambari yangu. Nikusomee huyo?"

Mwenyekiti akasema haina haja.

"Haja ipo, ila si hapa."

Mzee akashuka jukwaani mwenyewe, akainama, akaisoma simu kwa mkono ulionyooshwa. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa ujumbe. Aliponyanyuka, alimwambia mwalimu mkuu kwamba inafanya kazi, tena inafanya kazi kupita kiasi. Mama mmoja nyuma akauliza kama ile ya Nairobi nayo inamjua nyanya. Hakuna aliyemjibu, na ile karatasi yenye kung'aa ikakunjwa ikatiwa mfukoni. Kamati ikakubaliana pale pale mwalimu aongezewe mwaka mzima.

Baadaye alitukuta nyuma ya ukumbi. Alimshika msichana mkono, akamshukuru. Mimi akaniambia "kisha mpe chakula" ibaki, ila kwa wanaostahili.

Nyanya alikuwa ananisubiri getini pamoja na yule msichana, na kwa walivyosimama nilijua mazungumzo yameshakwisha bila mimi. Hakunigombeza. Alinijulisha tu kwamba kuanzia Jumatatu, baada ya alasiri, nitakuwa nasomeshwa Kemia barazani, kando ya karai, mbele ya wanunuzi wote wa viazi ambao wiki iliyopita waliambiwa mimi ni bingwa. Msichana aliniuliza kwa upole mwingi kama bado nina ushauri wa dawa za kikohozi.

Nilihangaika mwalimu abaki, naye amebaki. Kila Ijumaa hubonyeza kitufe chake, na mimi hurudi nyumbani kwa kuzunguka Makadara, njia ndefu isiyo na maana yoyote, na bado ujumbe hunitangulia.