Mlio Chini ya Kiti cha Dereva

Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa dereva wa zahanati, na watu walimwita Dereva tu, hata mkewe. Gari lake lilikuwa refu, jeupe, lenye benchi mbili nyuma zinazotazamana, na lilivuta kwa magurudumu yote manne. Lilipochakaa zahanati ililipiga mnada. Hakuna aliyelitaka. Yeye alitoa kiinua mgongo chake akalinunua.

"Tutalifanyia nini?" mkewe alimuuliza siku lilipoingia uani.

"Nitalitengeneza."

"Halafu?"

Dereva alizunguka mbele, akafungua boneti.

Mwaka wa kwanza alibadilisha difu ya nyuma. Ikafuata propela, kisha klachi, kisha beringi za magurudumu ya mbele. Spea za gari la umri ule hazikuwepo madukani. Ziliagizwa, zikakaa njiani wiki sita, na zilipofika bei ilikuwa imeshapanda. Akauza kipande cha shamba. Majirani walilibatiza gari Bibi Harusi, maana kila mwezi lilipambwa na halikwenda popote. Mkewe aliliita mke mwenzangu. Mwanzoni alikuwa akisema hivyo huku anacheka.

Lakini kilichomnyima mkewe raha zaidi si pesa. Kila Dereva alipotoka kulijaribu gari, alirudi akalizima, akainama kutazama chini yake. "Bado linalia," alisema. Siku moja mkewe alipanda naye, akatega sikio. Hakusikia kitu isipokuwa injini. Alipotaka kuhamia nyuma asikilize vizuri, mumewe alimshika mkono.

"Huko nyuma usikae, mama."

Akageuza gari, wakarudi nyumbani.

Fundi wake alikuwa mwanamke wa makamo aliyerithi gereji kwa baba yake. Mara tatu alikuwa amemshauri wafungue giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na mara tatu Dereva alikataa. Asubuhi moja fundi alimpigia simu aje. Dereva alikuta giaboksi ndogo imeshushwa, iko juu ya meza, wazi.

"Mzee, utanisamehe," fundi alisema. "Siwezi kuendelea kula pesa yako kwa vitu ambavyo havikuwa na ubaya. Njoo uone."

Gia moja ilikuwa imelika meno. Beringi ilikuwa imeungua mpaka imegeuka rangi ya bluu.

"Hii ilikaa bila oili muda mrefu," fundi aliendelea. "Ilikuwa inalia kabla ya kuvunjika. Aliyekuwa akiliendesha gari lazima aliisikia."

"Niliisikia," alisema Dereva.

Aliketi juu ya tairi, akaanza kueleza. Ililia wiki mbili. Aliona oili inadondoka, akajiambia itafika mwisho wa mwezi, gari litakapokwenda kufanyiwa huduma. Kisha ikaja safari ya mama mjamzito, uchungu umekwenda vibaya, akimbizwe hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mlima wenye tope alitia gia ya nguvu. Ikalia, ikachomoka, magurudumu yakasimama. Aliteremka akakimbia kwa miguu kutafuta msaada. Aliporudi na watu, mkunga aliyekuwa naye kwenye benchi za nyuma alikuwa ameshamfunika yule mama uso kwa shuka. Mtoto naye hakutoka salama. Gari lilivutwa likashushwa, likaendelea na kazi kwa gia ya kawaida tu, na kwenye ripoti waliandika barabara mbovu. Hakuna aliyemuuliza yeye.

Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaifuta tena.

"Ilihitaji oili kiasi gani?" Dereva aliuliza.

"Mzee, usijiulize hayo."

"Kiasi gani?"

"Lita mbili."

Jioni ile alimweleza mkewe yote. Mkewe akasema, "Mume wa marehemu bado yupo. Kesho twende."

Mume huyo alikuwa fundi viatu, na alikuwa anafanyia kazi barazani kwake. Aliwapa viti. Dereva hakuzunguka, alimwambia kuhusu mlio, na wiki mbili, na oili. Mwenyeji alishikilia kiatu mkononi muda wote, sindano imesimama katikati ya ngozi.

"Mimi niliambiwa ni barabara," alisema hatimaye.

"Ndiyo. Si barabara."

"Njiani alisema nini?"

"Aliuliza kama tumefika. Mara tatu. Nilimwambia tumekaribia."

"Na mlikuwa mmekaribia?"

"Hapana, ndugu yangu."

Fundi viatu alijaribu kuvuta uzi, ukamshinda. Akaweka kiatu chini.

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema, bila kuinua sauti. "Lakini usije tena hapa."

Waliaga, wakaondoka.

Wiki ile ile Dereva alimwambia fundi wa gereji alifungue gari vipande vipande. Difu, propela na klachi, vyote bado vipya, vilipata wanunuzi upesi. Pesa iliyorudi haikufika hata robo ya iliyotoka, lakini mkewe hakulalamika. Alitia sahihi pamoja naye kwenye hati za mauzo, akaenda kuulizia kama aliyenunua kipande chao cha shamba atakubali kuwauzia tena walau upande mmoja. Hakukubali.

Siku hizi Dereva anatembea kwa miguu. Magari makubwa yanapopanda mlima na kubadilisha gia, husimama kando ya barabara, kichwa ameinamisha upande mmoja. Mkewe husimama naye mpaka yapite.