Namba ya Mchukuzi

Wananchi wanatangaziwa kwamba mafua yaliyoingia mjini ni ya msimu, huisha yenyewe, na kila mtu aendelee na shughuli zake. Katika maabara ndogo nyuma ya maduka ya vitenge Kariakoo, mpimaji wa damu alilipokea tangazo hilo kama anavyopokea kila kitu: kimya. Hajira wa mapokezi, huu mwaka wa tatu, hajawahi kumwona akishtuka. Kabla ya kuchoma sindano mpimaji husema "samahani," akiuambia mshipa, si mwenye mshipa. Jibu hulikunja mara mbili, akalibana kwa pini: "Daktari atakusomea."

Jumanne asubuhi akaingia mchukuzi mmoja kwa miguu yake, anakohoa huku anacheka. "Dada Hajira, nipimeni chapchap, mzigo wa watu unaningoja." Mpimaji akatoa damu, akaitazama namba inayoonyesha mwili unavyowaka kwa ndani. Ya mtu mzima mwenye afya haifiki kumi. Hii ilikuwa mia mbili na arobaini. Akarudia; ikaja ileile. Basi akajitoboa kidole chake mwenyewe, apate kuiumbua mashine. Mashine ikamjibu: mbili.

Jibu hakulikunja. Alimgeukia mchukuzi.

"Kaa, kaka. Usiinuke."

"Mbona unanitisha, dokta? Si mafua tu haya?"

Mpimaji alishatoka nje na glavu zake, anapiga kelele katikati ya mikokoteni: "Bajaji! Hospitali, Upanga! Upesi!"

Kufika adhuhuri alikuwa ameita bajaji tano, kila moja na mgonjwa wake.