Nyumba Niliyoikata Miguu

Aibu hii ningeifukia, lakini nusu ya kijiji chetu cha Kulesa, hapa kando ya mto, ilikuwa juu ya mitumbwi ikitazama, kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Buya (jirani yangu, mdomo wake hauna mlango).

Ilianza na binamu yangu Maro, aliyekwenda Brazili kusomea uchoraji wa majengo, akarudi na ramani ya nyumba ya kisasa: sakafu ya zege juu ya nguzo sita, chini wazi upepo upite, ngazi kwa nje. Akanijengea, akaibadilisha kidogo ifanane na kwetu, vioo akavitoa akaweka mbao za mwembe, juu akaezeka makuti. Mimi, mwalimu mzima, nikajiona nimefika, mpaka Buya alipopita akaitazama akasema, "Mwalimu, hili si ghala? Kumbe utalala juu kama mahindi!" Watu wakacheka. Na kweli bibi yangu aliweka mpunga kwenye ghala la miguu vilevile. Basi badala ya kucheka nao nikaona haya, nikanunua matofali, nikaziba chini kote, nikaweka vigae na makochi mekundu, nikapaita sebule. Maro aliposikia akapiga simu kutoka Nairobi akilia, "Umeikata miguu!" Nikamwambia hajui kwetu.

Ikafika siku ya mama yake Rehema, binti niliyetaka kumwoa, kuja naye kutoka Chewele kuona mwanawe anapelekwa wapi. Mkwe kwetu ni heshima, hata usoni humkazii macho. Nikamkalisha kwenye kochi, nikampa wali na kambare.

"Mwanangu," akasema, "sisi kule juu mto ulishatapika juzi. Hayo maji yako njiani. Hapa hayaingii?"

"Mama, hii ni nyumba ya Kibrazili," nikajibu (Mungu anisamehe).

Hajamaliza kambare, kandambili yake ikapita ikielea. Nilipofungua mlango maji ya nje yalikuwa ya mapaja, majirani wako kwenye mitumbwi, na ngazi iko upande wa pili, na mama goti lake bovu.

"Mbebe!" Rehema akapiga kelele.

"Nani, mimi? Mkwe?"

"Au unataka nimbebe mimi, wewe ubebe makochi?"

Nikainama, nikambeba mama mkwe mgongoni, macho nimeyafumba kwa adabu, na hapo kizingitini vile vigae vyangu vya fahari vikanitelezesha, tukazama wote wawili mbele ya mitumbwi yote. "Jamani, mwalimu anambatiza mkwe!" Buya akatangaza.

Tulipopanda ngazi hatimaye, juu zege lilikuwa kavu kabisa. Mama akakamua leso yake, nami nikajua Rehema nimemkosa, moyo ukaniuma kweli. Mwishowe akasema, "Huku ndiko nyumba. Kule chini umejenga birika la maji. Ule ukuta ukibaki, binti yangu habaki."

Kabla sijajibu tukasikia mtumbwi ukigonga ngazi. Buya huyo, na magunia manne. "Mwalimu, tafadhali, niwekee mahindi yangu."

Siku tatu tulilala hivyo, mama mkwe na Rehema upande mmoja, mimi na Buya upande wa pili, mahindi katikati. Maji yalipopungua niliuvunja ukuta kwa mkono wangu, na Rehema yupo, ndiye anayenicheka nikiandika haya. Sitaziba tena kitu kwa kuogopa kicheko cha watu. Buya alisema kweli tangu mwanzo, ni ghala. Kosa langu nilidhani ananitukana.