Kamba Iliyofunga Begi

Nilikwenda Homa Bay kumtafutia Akoth nafasi ya shule. Wateja wangu hapa Suna nimewasimulia safari ile kwa vipande, nikiwa na pini mdomoni, na kila mmoja ameondoka na kipande chake. Leo naisimulia yote, pamoja na upumbavu wangu ambao nilikuwa nauruka.

Akoth ndiye mtoto wetu wa pekee, ana miaka minane. Homa aliyougua akiwa mchanga ilimwacha hasikii, macho yake yanapata mwanga na vivuli tu, na miguu haina nguvu. Ishara za mikono ambazo viziwi wengine huzungumza nazo zinampita hewani. Mwalimu mmoja anayezunguka majumbani ndiye aliyetufundisha kuongea naye kwa vitu. Kila jambo lina kitu chake, na kabla jambo halijaanza unampa hicho kitu akishike. Mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo nilishona mkanda wa mifuko minne ninaojifunga kiunoni. Kijiko cha mti alichochonga baba yake ni chakula. Kipande cha taulo ni kuoga. Kipande cha leso ninayojifunga kiunoni nikitoka ni kutoka nje. Kamba ya katani, tuliyoikata kwenye bembea yetu ya tairi, ni bembea. Karibu mwaka mzima sisi ndio tuliokuwa tukimpa, yeye anapokea tu. Halafu siku moja akatoa kijiko mfukoni mwenyewe, akanisukumia kifuani. Nililia mpaka ugali ukaungua.

Basi nikapata habari kwamba Homa Bay kuna darasa la watoto viziwi wenye ulemavu mwingine. Nikapiga simu. Mwalimu akaniambia nafasi imebaki moja, na walezi ni wachache, kwa hiyo kwanza wanachukua mtoto ambaye tayari ana njia ya kuomba. "Mlete Jumatatu," akasema. "Nataka kumwona akiomba kitu mwenyewe, hata kimoja." Tangu hapo usingizi ukanihama. Akoth anazidi kuwa mzito, mgongo wangu unalalamika, na yale niliyojua kumfundisha yalikuwa yameisha. Akikosa nafasi hii, tungerudi kukaa naye chumbani tukitazamana na vitu vinne.

Ijumaa, siku ya maandalizi ya Sabato, sisi Waadventista tunafua na kusugua kila kitu kabla jua halijazama. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikaa na ule mkanda mapajani nikavitazama vile vitu kwa macho ya mgeni. Kijiko kimetafunwa ncha na kuwa cheusi. Taulo limekuwa rangi ya tope. Leso imechanika, na kamba inanuka mate. Niende na takataka hizi mbele ya walimu wa watu? Wangesema mama huyu ni mchafu kiasi gani! Nikaenda sokoni nikanunua kijiko cha chuma kinachong'aa, taulo nyeupe, leso mpya na kamba ya plastiki ya buluu. Mkanda wenyewe nikaufua kwa dawa ya madoa, nikauanika. Kijiko cha zamani nikakitia motoni chini ya sufuria ya maharagwe. Taulo na leso nikafutia mafuta ya cherehani, nikavitupa. Kamba nikaitundika msumarini, maana kamba haikosi kazi. Mkanda ulipokauka, nikaufunga pamoja na vile vipya kwenye karatasi ili vifike Homa Bay bila doa. Nilijiona mjanja kweli.

Jumapili asubuhi, zipu ya begi ikafumuka tukiwa mlangoni. Nikaichukua ile kamba ya katani msumarini, nikalizungusha begi mara mbili na kukaza fundo. Ouma, mume wangu, alikuwa anarudi Masara kwenye machimbo, akatusindikiza hadi steji.

"Umebeba vitu vyake?" akaniuliza.

"Nimebeba."

Nilijibu upesi nikageuka. Kijiko alikichonga yeye, kwa jioni tatu, na sikutaka aniulize zaidi.

Awendo tulipita saa nne, malori ya miwa yakitutangulia polepole. Akoth alikuwa mapajani pangu, mkono wake ukinipapasa kiunoni. Ukipapasa, ukirudi, ukipapasa tena. Nilikuwa sijavaa mkanda, umefungwa karatasini. Nikaushika ule mkono nikautuliza. Tangu Suna nilikuwa nikijifanyia mtihani kichwani: ataomba, hataomba, ataomba. Rongo tukabadilisha gari. Rodi tukashuka tena, tukapanda pikipiki kwenda Rangwe, ambako anakaa shangazi yake Ouma.

Rangwe tulifika mchana soko likiwa limejaa. Shangazi, ambaye wote tunamwita Waya Roslida, anauza dagaa wa omena na nyanya karibu na barabara. Mimi ni Mkisii, Kijaluo changu ni cha salamu na bei, kwa hiyo yeye hunisemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni, na huniita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii.

"Karibu, nyar Kisii! Huyu ndiye Akoth? Ai, amekuwa mkubwa. Lete mimi nishike yeye."

Akapakata mtoto bila kuuliza maswali, akampa shavu lake apapase. Nilimpenda kwa hilo. Uji ulipokuwa tayari, nikaona nimwonjeshe Akoth kile kijiko kipya, kwa mara moja tu, kisha nitakifuta. Nikamwekea mkononi. Akakizungusha, akakinusa, akakiangusha. Nikamrudishia. Akakitupa kikagonga beseni la omena, kisha akaanza kujiuma mkono.

"Huyu anatafuta kitu," Waya akasema.

"Amechoka na safari tu, Waya."

"Mimi nimezaa saba. Huyu hajachoka. Huyu anatafuta kitu."

Nikasema atalala, kesho atakuwa sawa. Alilala bila kula. Mimi nililala macho wazi, nikijua na kukataa kujua. Ningeungama palepale Rangwe, tungeweza kupiga simu, kuomba siku nyingine, lakini mdomo ulikuwa mzito.

Jumatatu, saa mbili na nusu, tulikuwa Homa Bay. Kilima cha Asego kilikuwa kimevaa ukungu, na ziwa lilionekana kidogo nyuma ya mabati. Sikupata nafasi ya kulitazama. Darasa lenyewe ni chumba kimoja chenye mikeka, na mlangoni wametundika kipande cha ngozi ya mbuzi, ili kila mtoto anayeingia aguse ajue amefika. Mwalimu ni mama wa makamo anayeitwa Madam Jael. Alivua viatu, akakaa chini na Akoth, akamwacha amshike bangili zake kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo alama yangu," akaniambia. "Akizikuta bangili, atajua ni mimi. Haya mama, fungua vitu vyake."

Nikafungua karatasi. Vikang'aa. Nikaona Madam Jael akivitazama, kisha akinitazama mimi. Akavitia kwenye mifuko ya mkanda, akampelekea Akoth. Mtoto akaunusa, akarudisha kichwa nyuma. Akaingiza mkono mfuko wa kwanza, akatoa chuma, akakitupa. Mfuko wa pili, taulo, akalitupa. Leso, ikafuata. Kamba ya buluu aliishika kidogo, akaiachia kama kitu cha mtu mwingine. Halafu akaanza kulia kile kilio chake kisicho na sauti ya kupanda na kushuka, akijipiga kichwani kwa ngumi.

"Mama Akoth," Madam Jael akasema taratibu, "hivi ndivyo anavyotumia nyumbani?"

"Ndiyo."

Haki ya Mungu, nilisema ndiyo. Neno lilitoka lenyewe. Akaandika kitu kwenye fomu yake, na nilipoona kalamu ile inatembea nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Mtoto wangu alikuwa anasemwa hajui kuomba, na mimi mama yake ndiye niliyemnyang'anya maneno yake yote nikayatia motoni kwa sababu ya aibu yangu.

"Madam, nimekudanganya," nikasema. Nikamweleza yote, jiko, cherehani, maharagwe. "Niliogopa mtatuona wachafu."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliushika kwanza mkono wa Akoth usijipige.

"Huyu hatazami usafi," akasema. "Anasoma alama za meno yake mwenyewe. Anasoma harufu. Sasa umempa vitu ambavyo havijawahi kumwambia kitu. Hakuna cha zamani hata kimoja ulichobeba?"

"Hakuna."

"Hata kimoja?"

"Hakuna, Madam. Vyote nimetupa."

Akafunga fomu. Akaniambia kwa upole kwamba kuna mtoto mwingine anayekuja Jumatano, na kwamba yeye hawezi kuandika asichokiona. Nikasema nimeelewa. Nikainama kuokota vitu vile mkekani, kimoja kimoja, machozi yakinidondoka juu ya kijiko. Akoth alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anajikokota kwa makalio kunifuata, akipapasa mkeka, mpaka mkono wake ukafika kwenye begi langu.

Ukasimama.

Nikamwona anarudi tena pale, kwa vidole. Akaifuata kamba kutoka upande mmoja wa begi hadi fundoni. Akainama akainusa. Akaitia mdomoni, akaitafuna pale penye alama zake, na uso wote ukafunguka.

"Usimguse," Madam Jael akanong'ona. "Usisaidie."

Akoth akaivuta kamba, ikakataa, akalivuta begi zima. Kisha akanyoosha mkono hewani akinitafuta. Akaupata mkono wangu, akauleta, akaukandamiza juu ya kamba. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu akaugonga mkono wangu juu yake kwa nguvu, akinikasirikia nilivyo mzito wa kuelewa.

"Hiyo ni nini?" Madam akauliza.

"Bembea!" Nilipiga kelele kama nimeumwa na siafu. "Ni kamba ya bembea, Madam! Anataka bembea!"

"Basi ameomba. Mtoto akiomba lazima ajibiwe sasa hivi, la sivyo ataacha kuomba. Una leso?"

Hapakuwa na bembea pale. Nikaikunjua leso ile mpya, ambayo sikuwa nimeikata, tukamlaza Akoth katikati, Madam akashika pembe mbili na mimi mbili, tukamwinua na kumbembeza, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Begi langu lilikuwa bado mikononi mwake, hakuliachia, likining'inia naye hewani. Akacheka. Na Madam Jael, mtu mzima na bangili zake, alikuwa anahema na kucheka naye. Tulipomshusha akanipa kamba tena, tukarudia. Mara nne. Mikono iliniuma siku mbili.

Kabla ya saa sita Madam alikuwa ameandika fomu upya. Nafasi ni ya Akoth, ataanza muhula ujao, na wiki mbili za mwanzo nitakaa naye. "Na uje na hiyo kamba ilivyo," akasema. "Ukiifua, usije."

Kutoka steji ya Homa Bay nilimpigia Ouma. Nikamwambia kuhusu nafasi, akashangilia mpaka nikasikia wenzake machimboni wakimuuliza kuna nini. Kisha nikamwambia kuhusu kijiko.

"Kile nilichochonga?"

"Kile. Nisamehe, Baba Akoth."

"Nitachonga kingine," akasema mwishowe. "Lakini atakitafuna yeye, akianza upya. Hapo siwezi kumsaidia."

Ndivyo ilivyo. Neno la chakula tumelianza tena kutoka mwanzo, na kila mlo ninalipia. Nimejifunza kwamba mtoto wangu anaongea lugha ambayo mimi naiita uchafu, na kwamba katika nyumba yangu kuna vitu ambavyo sabuni yangu haina ruhusa ya kuvigusa. Si somo dogo kwa mtu kama mimi, ambaye mteja hawezi kuondoka kwangu na uzi unaoning'inia.

Jioni tulifika Suna. Kamba nilikuwa nimeifungua kwenye begi tangu Homa Bay, kwa sababu Akoth hakutaka kuiachia. Safari nzima nilibeba begi limeachama, nimelikumbatia kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Pale Rodi gauni langu la kulalia lilianguka barabarani mbele za watu. "Mama, mzigo wako uko wazi!" wakaniitia. "Najua," nikawajibu, nikaliokota, nikaendelea. Getini kwetu Akoth aliipata harufu ya nyumbani, akatafuta mkono wangu wenye vumbi, akauwekea kamba. Sikusema ngoja ninawe. Niliacha begi palepale chini likimwaga nguo, nikampeleka kwenye tairi.