Daktari wa Baridi na Kifungu cha Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza majokofu ya chanjo, na katika zahanati zote za wilaya walimwita Daktari wa Baridi. Alikuwa mhandisi kwa elimu na mdadisi kwa kuzaliwa. Jokofu likipona, hakuondoka mpaka ajue lilikuwa linaumwa nini.

Asubuhi moja, akiwa kwenye benchi la zahanati akimsubiri muuguzi mwenye ufunguo, alisoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Wizara ilikuwa imeandaa rasimu ya kanuni za kutunza chanjo, na iliomba maoni kwa siku thelathini. Kifungu cha kumi na mbili kilisema joto la jokofu lisomwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni.

Akakirudia. Asubuhi na jioni jokofu lolote limetulia tuli. Shida ni mchana, akina mama wanapojaa nje na mlango ukafunguliwa kila dakika. Je, aliyeandika haya aliwahi kusimama mbele ya jokofu saa sita? Na hayo maoni, nani huyasoma?

Kwa wiki mbili aliacha vipimajoto vinavyojirekodi ndani ya majokofu sita. Manne yalivuka nyuzi nane, kikomo cha joto la chanjo, karibu kila mchana, yakashuka kabla ya jioni kama vile hayakufanya kitu. Akaandika kurasa ishirini na tatu zenye grafu, akampa mkewe, mwalimu wa shule ya msingi ambaye kalamu yake nyekundu haikumwonea mtu haya.

"Baba Pacha, unataka wafanye nini?" mkewe aliuliza.

"Si nimeeleza?"

"Umeeleza jokofu. Mimi nauliza kanuni."

Akapekua kurasa zote, asione mahali alipoandika anachotaka. Wakazipunguza hadi ukurasa mmoja, ombi likiwa juu kabisa: joto lipimwe na mchana pia.

Alipoutuma wizarani, bosi wake alimwambia sikio halipiti kichwa. Lakini mwezi haukuisha, karani wa wizara akapiga simu: kamati ingemsikiliza kwa dakika kumi.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na vipaza sauti vilivyokwaruza. Alisema yake kwa dakika nne, jasho likimtiririka mgongoni. Ndipo mama mmoja mwenye miwani, muuguzi wa zamani, akasema kuwa kifungu kile alikiandika yeye.

"Asubuhi na jioni ndipo wauguzi wanapopokezana zamu," alisema. "Mchana muuguzi yuko peke yake na sindano mkononi. Nani atasoma kipimajoto, kaka yangu?"

Hilo halikuwahi kumpitia akilini. Miaka yote alikuwa akiliangalia jokofu tu, huku aliyelifungua akiwa nyuma ya mgongo wake. Akaiweka karatasi yake chini, akaanza kuuliza maswali: muuguzi anafungua mara ngapi, anachukua chupa ngapi kwa mara moja, yale masanduku ya barafu ya kupelekea chanjo vijijini hukaa wapi siku za kawaida. Stoo, mama akajibu, yamekaa bure. Wote wawili walikuwa wamefikia wazo lile lile. Dakika kumi zikawa arobaini, na mwenyekiti hakuwakatiza.

Baada ya miezi mitano kanuni zikatoka. Kifungu cha kumi na mbili sasa kilitaka chanjo za siku zihamishiwe kwenye sanduku la barafu asubuhi, jokofu lisifunguliwe ovyo. Upimaji wa mchana haukuingia. Vipimajoto vinavyojirekodi viliingia, lakini mbele yavyo waliweka neno "inapowezekana".

Mkewe alisema ashukuru, haba na haba hujaza kibaba. Yeye alishukuru kweli, hata alinakili kifungu kile kwa mkono wake. Ila lile neno lilimkaa rohoni kama mwiba. Siku ya tatu akampigia mama mwenye miwani kumuuliza: hiyo inapowezekana, anayeamua kwamba imewezekana ni nani?

Mama akacheka. "Hata mimi nimewauliza. Tuna kikao Alhamisi. Njoo, na safari hii uje na muuguzi mmoja."