Saa tano ya kompyuta, saa tano ya Mama Benta

Saa moja unusu asubuhi, Jentrix Okinyi ameketi kwenye benchi la kliniki moja ya macho huko Nyamasaria. Laptopu iko magotini, lakini macho yako langoni. Anamngoja mgonjwa mmoja tu.

Jentrix, 29, mkazi wa Migosi, ni mtunzi wa programu za kompyuta. Ndiye aliyeandika ile inayowakumbusha wagonjwa miadi yao kwa ujumbe wa simu. Daktari wa upasuaji huja mara moja kwa mwezi. Huanza saa mbili, na saa nne unusu ameshaondoka.

Mwezi uliopita, wagonjwa 14 kati ya 22 walifika saa tano. Mmoja wao alikuwa Benta Obiero, 61, muuza mboga wa Manyatta, mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili.

"Simu ilisema saa tano, nikakuja saa tano," alimwambia Jentrix siku hiyo. "Sasa makosa yangu iko wapi?"

Hakuwa na kosa. Kwenye laptopu ya Jentrix, programu ilifuata saa za Nairobi. Ilipohamishiwa kwenye kompyuta ya mbali inayotuma ujumbe, ikafuata saa za dunia, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Saa mbili yetu, ambayo kompyuta huiandika 8:00, ikawa 5:00. Ujumbe ukatoka: "Njoo saa 5:00 asubuhi."

Mgeni angeisoma kama saa kumi na moja alfajiri, ashtuke kuitwa hospitali kabla ya jogoo. Huku kwetu, saa tano asubuhi ni saa ya heshima kabisa, na hakuna aliyeuliza.

"Ingeandika upuuzi, mtu angenipigia," anasema Jentrix. "Lakini ilidanganya vizuri. Na mimi nilitest kwa laptop yangu tu, nikaridhika. Hiyo ndio inaniuma."

Sasa programu inatajiwa waziwazi ifuate saa za Nairobi, haiachiwi kubahatisha. Kisha inapunguza saa sita na kuandika kwa maneno: saa mbili asubuhi.

Nesi Wakhisi anachungulia mlangoni. "Bado unangoja Mama Benta? Alinikuta nikifungua mlango, saa kumi na mbili. Ashawekwa dawa ya jicho."

Jentrix anaingia mbio.

"Meseji niliona, nyathina," mama anamwambia, akimwita mwanangu kwa Kijaluo. "Imesema saa mbili. Lakini hiyo simu yako mimi siamini tena."

Jentrix anacheka, ingawa neno hilo limemchoma.

"Atarudi kwa jicho la kushoto," anasema. "Siku hiyo nataka aje saa mbili, akiwa amelala vizuri."