Kiharusi, Ungo na Sikio la Baba

Kiharusi kilimpata mama katikati ya mavuno ya mpunga, kijijini kwetu Mamba. Upande wa kulia wote ukalala: mkono, mguu, hata mdomo ukaenda pembeni. Baba akampakia kwenye lori la magunia hadi hospitali Mpanda, na mimi, binti yao mkubwa, nikaenda kumuuguza.

Alipopata nafuu tukakabidhiwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mnene, mcheshi.

"Ubongo umesahau njia ya kwenda mkononi," alitueleza. "Tutaukumbusha kila siku mpaka uchoke kusahau. Nyumbani alipenda kazi gani?"

"Kupepeta," baba akadakia.

"Basi kesho leteni ungo."

Baba alikuwa Msukuma wa ng'ombe. Sikuwahi kumwona kashika ungo. Sasa akakaa mkekani uso kwa uso na mkewe, kila mmoja kashika upande wake wa ungo, mkono mbovu wa mama umefungwa ungoni kwa kitenge usiteleze. Wakaanza. Mpunga ukaruka, ukamshukia baba kichwani, masikioni, ndani ya shati. Pumba zikamwingia puani, akapiga chafya mpaka ungo ukapinduka. Wagonjwa wote walishika mbavu. Mama naye akacheka, kicheko cha upande mmoja, machozi yakimtoka.

Tuliporuhusiwa tuliendelea nyumbani. Wiki zikapita, mkono kimya. Mama akachoka. "Niacheni tu," akasema.

"Mayu," baba akamjibu, akimwita mama kwa Kisukuma chake, "pumba zote nilizokula ziende bure?"

Mchana mmoja baba alikuwa amechuchumaa akimnyoosha mama goti, huku akiimba vibaya kama kawaida yake. Ghafla akaruka. "Yalaa! Nani kanifinya sikio?"

Mama aliutazama mkono wake wa kulia kama wa mgeni. "Nilitaka tu unyamaze," akasema.

"Rudia!"

Akamfinya tena. Baba akatoka mbio uani: "Amenifinya! Mke wangu amenifinya!" Majirani wakaja kuamua ugomvi, wakatukuta tunacheza. Waliposikia habari, nao wakapanga foleni kutoa masikio.

Tuliporudi hospitali, mtaalamu wetu alipouona mkono ukifinya, alipiga vigelegele, kisha akamwinua mama palepale. "Haya, sasa mguu."

Mguu haukurudi wote. Lakini msimu uliofuata mama alikwenda shambani kwa fimbo, akiuburuta kidogo, na baba nyuma yake akilalamika kwamba anakimbizwa.